Fisi Aliyekufa Jana

Televisheni ya kwanza kufika kwetu Mtae ililetwa na mfanyabiashara wa mboga aliyekuwa akipeleka karoti na kabichi hadi Mombasa. Ilikuwa mwaka 1991, nipo darasa la tatu. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Serikali iliiona televisheni kuwa anasa ambayo nchi maskini ingeweza kuisubiri. Zanzibar walikuwa na yao tangu miaka ya 1970, lakini sisi tulikingwa na milima. Kilichotufikia ni Kenya. Mtae imekaa ukingoni kabisa mwa Usambara. Ukisimama nyuma ya nyumba unaitazama nyika ya Mkomazi chini yako, na ng'ambo ya nyika ni Taita. Antena ikafungwa kwenye mti mrefu wa mkaratusi, ikageuziwa upande huo, na KBC ya Nairobi ikawa ndiyo televisheni yetu. ITV ya Dar es Salaam ilikuja kuanza kurusha matangazo mwaka 1994.

Ilikuwa ndogo, ya rangi nyeusi na nyeupe, na kuna siku ilionyesha chenga tu tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Umeme haukuwepo. Iliendeshwa kwa betri la gari, na betri lilichajiwa kwenye mashine ya kusaga. Wakubwa walitoa kiingilio. Wavulana walilipa kwa kulibeba betri kwenda na kurudi. Sisi wasichana, jioni ilitukuta kisimani, jikoni, au na mdogo mgongoni. Kwa hiyo vichekesho vya televisheni nilivisikia muda mrefu kabla ya kuviona kwa macho, na nadhani ndiyo sababu navikumbuka kuliko kaka zangu waliokuwa wamekaa mstari wa mbele.

Kipindi chenyewe kilikuwa Vitimbi. Hakikutengenezwa kwa ajili ya watoto. Mzee Ojwang' na mkewe Mama Kayai walikuwa watu wazima wenye matatizo ya watu wazima: fedha, wivu, wageni wasiotaka kuondoka. Lakini vichekesho vya watoto havikuwepo, nasi tukavichukua vya wakubwa tukavifanya vyetu, na katika kuvichukua tukabakiza kile tu ambacho mtoto anakihitaji.

Aliyetuletea ni mtoto wa fundi cherehani, aliyekuwa darasa la tano. Njia yetu ya shule iliteremka hadi kwenye daraja la miti, kisha ikapanda kilima kikali. Hadithi ilibidi iishe darajani, maana kwenye mpando hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusimulia wala ya kucheka. Ule mteremko ulimfundisha kazi. Hakuanza kwa kusema Ojwang' alifanya nini jana. Alianza kwa kushusha miwani ambayo haikuwepo hadi kwenye ncha ya pua, akatutazama kwa juu yake, akanyamaza. Tulicheka hapo hapo, kabla hajatamka neno. Kisha akasema, "Mzee ana siri," nasi tukaitikia, "Na mama anaijua!"

Kila hadithi ilikuwa hiyo. Ojwang' ana siri, na Mama Kayai ataijua kabla kipindi hakijaisha. Hakuna mtoto aliyeuliza kitatokea nini. Tulichokuwa tukingojea ni lini, na kwa njia gani. Mtoto wa fundi alijua kukichelewesha hicho kitu. Alimpa Ojwang' uongo wa kwanza, ukapita. Akampa wa pili, ukapita kwa shida. Wa tatu alikuwa anaanza kuutunga tukiwa tumebakiza hatua chache kufika darajani, na wakati huo Mama Kayai ameshasimama mlangoni nyuma ya mumewe, sisi tunamwona, mzee hamwoni. Watoto wadogo walikuwa wakipiga kelele, "Geuka! Geuka, mzee!" Naye hakugeuka mpaka mguu wa mtoto wa fundi ulipokanyaga ubao wa kwanza wa daraja.

Ukiwauliza leo wanaoandika vichekesho vya televisheni, watakupa majina ya mbinu zote hizo: kitambulisho cha mhusika, mara tatu, na siri ambayo mtazamaji anaijua ila mhusika haijui. Sisi tulizipata bila majina. Na tulizipata kwa mtu ambaye mara nyingi hakuwa na habari kamili, kwa sababu kipindi kilikatika. Chenga zilipoingia, hadithi ilikuwa yake. Zipo wiki ambazo betri lilikufa kabisa, televisheni haikuwashwa, na asubuhi yake bado tulisimuliwa Vitimbi kutoka mteremkoni hadi darajani. Tulijua anatunga. Hakuna aliyemshtaki, kwa sababu alizifuata sheria: miwani, siri, mlango.

Niliporuhusiwa hatimaye kwenda kuangalia, wakati wa Krismasi, nilimkuta Ojwang' mwingine. Alikuwa mtaratibu kuliko wa darajani, na alinyamaza mahali ambapo wetu alisema. Kilichonishangaza zaidi ni wenzangu. Walicheka pale mtoto wa fundi alipozoea kutuchekesha, hata kama kwenye kioo hakukuwa kumetokea kitu bado. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango aliuliza, "Sasa mnacheka nini?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Halafu kulikuwa na lafudhi. Ojwang' alizungumza Kiswahili cha Mjaluo, na sisi hatukuwa tumemwona Mjaluo maishani. Mtoto wa fundi aliiga lafudhi asiyoijua, ikatoka imechanganyika na Kisambaa cha wazee wa kwetu, na sisi tukaona ndivyo ilivyo. Baadaye sana nilisoma kwamba Benson Wanjau, mwigizaji aliyekuwa Ojwang' kwa miaka yote ile, alikuwa Mkikuyu. Kwa hiyo tulichokuwa tukikicheka kwenye njia ya shule ni Msambaa akimwiga Mkikuyu aliyemwiga Mjaluo. Hakuna aliyetushtaki kwa hilo nalo.

Kipindi cha pili kilikuwa Vioja Mahakamani, nacho kilituletea mgogoro. Kila wiki kesi mpya, hakimu yuleyule, na washtakiwa walewale. Mtu ameiba kuku, ameeleza uongo wake wote, ametiwa hatiani. Wiki inayofuata yumo tena kizimbani kwa kosa jingine, na hakimu anamuuliza maswali kama hajawahi kumwona. Kaka yangu mkubwa, ambaye alipenda mambo yawe na mpango, alikasirika. "Si alifungwa wiki iliyopita? Nani kamtoa?" Wengine walisema ametoroka. Wengine wakasema Kenya vifungo ni vifupi. Mtoto mmoja alidai ni pacha wake. Ubishi uliendelea siku kadhaa, hadi nyumbani.

Bibi yetu hakuwahi kuiona televisheni na hakuwa na haja nayo. Jioni alitukalisha jikoni kupukuchua maharage, na kazi ikiwa nyingi alitoa hadithi ili mikono isilale. Fisi ndiye aliyekuwa mtu wake. Fisi wa Bibi alikufa karibu kila usiku: alipasuka tumbo kwa ulafi, aliangukia kisimani akifuata mwezi akidhani ni nyama, alichanika msamba njia panda kwa sababu alisikia harufu ya pilau pande mbili. Jioni ile kaka akaona amempata. Bibi alipoanza tu, "Fisi akatoka asubuhi," kaka akamkatiza.

"Bibi, fisi si alikufa jana?"

Bibi hakuinua macho kwenye ungo. "Alikufa jana, mjukuu wangu. Leo ana njaa."

Ubishi wa Vioja uliishia hapo. Kaka aliupeleka ule msemo shuleni, na kwa muda kila aliyeuliza mshtakiwa katoka vipi gerezani alijibiwa kwamba leo ana njaa. Mimi nimekaa na jibu lile miaka yote hii, na kadiri ninavyofundisha watoto ndivyo ninavyoona lilivyobeba mambo. Kichekesho kinachojirudia kinakaa juu ya makubaliano: adhabu ya jana imekwisha. Fisi analipa kwa ulafi wake kwa ukamilifu, kisha anarudishiwa tumbo zima, jina safi na njaa yake. Tunamcheka leo kwa sababu ya leo. Angekuwa anabeba vifo vyake vyote vya nyuma, asingeweza kutembea, na sisi tusingeweza kumcheka; tungemhurumia au tungemchukia.

Wasimulizi wa zamani waliujua mpango huo, na redio ikaurithi kwao kabla ya televisheni. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Mama na Mwana, kipindi cha Deborah Mwenda, ambacho nyumba nzima ilinyamazia. Hadithi zake zilikuwa na wimbo mfupi uliorudi kila msiba ulipokaribia, na sisi tukaimba nao, kwa hiyo tuliusaidia msiba kuja. Upande wa vichekesho kulikuwa na Pwagu na Pwaguzi, matapeli wawili waliobeba jina lao kutoka kwenye methali isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi. Kila mara walipanga kumwibia mtu, kila mara mambo yakawageukia, na kipindi kilichofuata wakapanga upya kwa imani ileile. Tuliwapenda kwa imani hiyo.

Babu, upande wa mama, alidai kwamba haya yote aliyaona Usambara kabla hata ya redio. Ujana wake aliumalizia Vugiri, juu ya Korogwe, na huko kati ya 1935 na 1937 Waingereza waliweka makao ya mradi wa sinema kwa Waafrika, kwa fedha za shirika la Carnegie la New York. Meja Notcutt na wenzake walipiga filamu 35 fupi, sauti wakaziweka kwenye santuri, kisha wakazungusha lori la sinema Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Katika safari hiyo walifanya maonyesho 95 mbele ya watu wapatao 80,000. Nyingi zilikuwa za kufundisha: minyoo ya safura, mmomonyoko wa udongo, faida ya kuweka fedha posta. Babu hakukumbuka somo lolote. Alikumbuka mwizi akikimbizwa, na alisisitiza kwamba aliona pia sungura na chui wakitembea kwenye kitambaa. "Ukimwona mwizi anakimbia," alisema, "unajua atakamatwa. Ndiyo maana watu walikaa." Kila alipotusimulia, mwizi alikimbia mbali zaidi. Mara ya mwisho alikuwa amefika Soni.

Basi nilikwisha kusema kwamba makubaliano yale ndiyo yanayokishikilia kichekesho. Naijua thamani yake kwa sababu niliona kilichotokea yalipovunjwa, darasani kwetu.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja, mtoto mpole, ambaye siku moja alikutwa na kalamu ya mwanafunzi mwingine mfukoni. Huenda aliiokota, huenda aliichukua. Sijui hadi leo, na hata yeye hakusema. Mwalimu wa zamu alimwadhibu, ikaisha. Lakini ilikuwa siku moja tu baada ya Vioja, na mtoto wa fundi, ambaye hakuwa na ubaya ila alikuwa na kipaji, alisimama mlangoni akakunja uso wa kihakimu na kusema, "Kesi ileile!" Darasa likaanguka kwa kicheko. Mimi pia nilicheka. Lilikuwa jambo la kuchekesha kweli, limesemwa kwa wakati wake.

Kesho yake chaki ikapotea. "Kesi ileile!" Kikombe cha mwalimu kikavunjika. "Kesi ileile!" Ndizi zikaibwa shambani kwa jirani wa shule, mtoto yule akiwa kitandani na homa, na bado tukasema kesi ileile. Tukaanza kumwita Mshtakiwa. Tuliona tunafanya yaleyale ya televisheni: mtu yuleyule, kizimba kilekile, neno lilelile, kicheko. Hatukuona kwamba tumeondoa kitu kimoja. Mshtakiwa wa KBC alirudi wiki iliyofuata na kosa jipya, hana deni. Wetu alirudi na kalamu ileile. Hakufa jana hata siku moja ili aamke na njaa yake mwenyewe. Alimaliza darasa la saba akiwa bado Mshtakiwa, na jina lilimfuata hadi mnadani Lukozi, ambako wanunuzi wa viazi wasiojua chochote kuhusu kalamu walimwita hivyo wakidhani ndilo jina lake.

Mwaka 1996 nilihamia Lushoto kwa ajili ya sekondari, na huko nikakuta dunia nyingine ya vichekesho. Mjini kulikuwa na umeme, na pembeni ya soko kulikuwa na kibanda cha video, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mwenye kibanda aliweka mtafsiri, kijana aliyesimama pembeni ya televisheni na kuzieleza filamu za Marekani, Hong Kong na India kwa Kiswahili, akituonya steringi asitusikitishe maana hafi. Siku walipoleta kanda ya Mr. Bean, kijana yule alikuwa hatarini kupoteza kazi, kwa kuwa Bean ni nadra kusema. Hakukubali. Alimpa Bean sauti ya mzee wa Kisambaa mwenye haraka, akawa anamnung'unisha kwa Kisambaa kuanzia anapoamka hadi anapolala, na ukumbi ukavunjika mbavu. Nimeziangalia zile kanda mara nyingi baadaye zikiwa karibu bila maneno, kama zilivyotengenezwa, nami bado namsikia yule kijana.

Mr. Bean ilirushwa Uingereza kati ya 1990 na 1995, na ndani yake mna utani mmoja ambao kila mtoto wa Lushoto aliushika upesi: kigari cha buluu chenye magurudumu matatu. Bean akikikuta barabarani, kitaanguka ubavu, au kitakosa nafasi ya kuegesha, au kitasukumiwa mtaroni, naye ataenda zake. Dereva wake hatumwoni uso kamwe. Tulizoea kukitafuta kwa macho kila Bean anapoingia barabarani, na anayekiona kwanza alipiga yowe. Sasa ona: kile kigari nacho kinarudi kila mara kikiwa kizima, hakina hata mchubuko. Na kwa kuwa dereva hana uso, hakuna wa kuaibika. Mtunzi alimlinda. Nilipokuwa kidato cha pili sikuweza kulisema hivyo, lakini nilikuwa nikimfikiria Mshtakiwa, kwa kuwa nilitoka kukutana naye likizo akiwa amebeba gunia la viazi, na watoto wadogo kabisa, ambao hawakuwahi kusoma na sisi, walikuwa nyuma yake wakiimba neno letu.

Uzito wa neno la namna hiyo niliuonja mwenyewe nilipokwenda Dar es Salaam kusomea ualimu. Huko, ukitoka milimani Tanga, wewe ni mgosi. Unafungua mdomo na mtu wa nyuma anarudia ulichosema kwa lafudhi ya kwetu, na hata ukijibu swali la hisabati sawasawa, kinachochekwa ni matamshi. Wiki ya kwanza nilicheka nao. Baada ya muda nilipunguza kusema. Aliyenirudishia sauti ni mtu wa Tanga: Amri Athumani, King Majuto, mzaliwa wa 1948, aliyefariki Agosti 2018. Kwenye filamu zake alikuwa mzee mjanja, mbishi, mwenye tamaa, anaongea Kitanga chake bila kukifuta hata kidogo, na aliyechekwa alikuwa yule tapeli aliyemo ndani ya mzee, matendo yake ya siku hiyo. Lafudhi ilikuwa nyumba yake tu. Mwisho wa filamu alikuwa ameumbuka, na filamu inayofuata alikuja akiwa na tamaa mpya na kofia safi. Wenzangu bwenini waliiga maneno yake, wakajikuta wanaiga Kitanga kwa mapenzi. Nikaanza kusema tena.

Nimefundisha shule ya msingi katika wilaya ya Lushoto kwa zaidi ya miaka kumi na mitano sasa, na nimeona kile ambacho sisi hatukuwa nacho: vichekesho vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto, vingine kwa lugha yao. Mwaka 2010 zilikuja Tinga Tinga Tales, zilizochorwa Nairobi na Homeboyz kwa mtindo wa michoro ya Edward Saidi Tingatinga, wakishirikiana na Tiger Aspect, kampuni ileile ya Uingereza iliyotengeneza Mr. Bean. Januari 2014 TBC1 ikaanza kurusha Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam, inayofundisha hisabati na sayansi kwa nyimbo na vituko. Miaka miwili baadaye ikafuata Akili and Me, ya mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye kila akilala anaingia Lala Land na kukuta marafiki zake wanyama. Siku hizi hata Mtae kuna sola na ving'amuzi, na Jumamosi asubuhi watoto wa jirani hujazana kwangu.

Ninavyoviangalia, natazama vitu viwili. Cha kwanza ni kama mhusika anamgeukia mtoto na kumuuliza jambo, kisha anangoja. Akili hufanya hivyo. Mtoto wa jirani yangu, ambaye shuleni hasemi, humjibu kwa sauti ya kusikika barabarani. Ni kazi ileile ya "Paukwa!": msimulizi anatupa, msikilizaji anadaka, na hadithi haiendi bila yeye. Cha pili ni kama aliyekosea leo anaruhusiwa kuanza upya kesho. Katuni hizi zina watoto wanaokosea hesabu, wanaogawa vibaya, wanaojifanya wanajua. Wanachekwa, wanaelekezwa, wanaimba, na kipindi kinachofuata hakuna anayewakumbusha. Wazazi wengine wananiambia katuni hazina akili kwa sababu watoto wale hawakui wala hawajifunzi kutokana na makosa ya wiki iliyopita. Mimi nawaambia hiyo ndiyo akili yake. Anayekua ni mtoto aliyekaa kwenye mkeka. Yule wa kwenye kioo kazi yake ni kurudi na njaa.

Julai 2015 Benson Wanjau alifariki Nairobi. Habari ilitukuta Mtae msibani, tumekuja kumzika mama wa mwenzetu mmoja, na karibu darasa letu lote la zamani lilikuwepo. Usiku, tukiwa tumekaa nje kwenye moto na watani wa Kizigua wakiwasumbua wafiwa kama ilivyo haki yao, mtoto wa fundi, ambaye sasa ni fundi mwenyewe na ana mvi, alishusha miwani. Safari hii alikuwa na miwani ya kweli. Tuliitikia yote, tangu siri hadi mlango. Kisha chai ikachelewa, na mtu mmoja, bila kufikiri, akamgeukia mwenzetu aliyekuwa akisimamia kuni na kusema, "Kesi ileile!"

Tulicheka, na yeye alitabasamu kidogo. Halafu akaweka kuni chini.

"Ojwang' alikuwa akivua miwani akirudi nyumbani," alisema. "Mimi hamkunipa pa kuivua."

Mtoto wa fundi alianza kueleza, akashindwa. Aliyetuokoa ni mtani mmoja, mzee wa Kizigua, ambaye hakujua habari za kalamu wala za KBC lakini alijua sheria. Alisema utani una faini. Mkimtania mtu wakati wake umepita, mnalipa, mkishalipa mmemalizana. Akamuuliza mdai anataka nini. Mwenzetu alifikiri, akasema kreti moja ya soda, na mtoto wa fundi aende kuinunua kwa miguu, usiku ule, mpaka darajani na kurudi. Akaenda. Alirudi anahema, kreti kichwani, na mdai akaipokea mbele ya watu wote, akaihesabu chupa moja moja kama karani wa mahakama.

Mwaka uliofuata tulikutana harusini Mlalo. Kabla hatujakaa, akadai kreti yake. Tukamwambia alishalipwa Julai, mashahidi wapo. Akasema hiyo ilikuwa ya Julai. Tangu hapo anadai kila tunapokutana, iwe harusi, msiba au kikao cha upatu, na mtoto wa fundi ndiye anayetumwa. Watoto wetu, ambao hawajui mwanzo wake, wameanza kucheka wakimwona anavyokaribia mlango.